Mkono wa Kuapia

Katika mji wa Haarlem, ukitaka kutukanwa bila gharama, ulimpelekea Lubbert Hessels bamba lako la shaba akuchapie. Lubbert hakuwa mchoraji. Alikuwa mchapaji: mtu wa kupaka wino, kufuta kwa kiganja, kulaza karatasi iliyoloweshwa na kuvuta mikono ya mtambo kama anayepigana nao mieleka. Wachoraji walimvumilia kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyefuta bamba kama yeye. Lakini kabla hajakuchapia, lazima akuseme.

"Hiki nini?" aliuliza, akiliinamisha bamba kwenye mwanga wa dirisha. "Soko letu hili, na kanisa umeliweka upande wa pili. Lilihama lini? Mbona halikuniaga?"

Hilo ndilo kosa alilolipenda kuliko mshahara. Picha ya shaba hutoka kwenye karatasi imegeuka, kulia imekuwa kushoto na kushoto imekuwa kulia, na mchoraji asiyekumbuka hilo hujikuta amejaza karatasi watu wanaoandika kwa mkono wa kushoto na askari waliofunga panga upande usio wao. Kwa hiyo wenye akili huweka kioo kidogo mezani, wakachora kile wanachokiona humo. Lubbert alivicheka vioo hivyo. Alisema kioo ni cha mwanamke anayefunga kofia. Yeye macho yake yalikwisha kugeuka yenyewe. Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa na kundule kubwa.

Karakana haikuwa yake. Ilikuwa ya mkwewe, mzee Teunis, nyuma ya duka la picha karibu na mto, na ndani yake mlisimama mtambo wa mwaloni uliopasuka mkono mmoja na kufungwa kwa utepe wa chuma. Lubbert aliingia pale kibarua, akatoka mume wa binti wa mwenye nyumba, Aefje. Siku ya kuolewa, Aefje alikuja na shuka, sufuria, na kile kioo cha karakana, maana baba yake aliona hakina kazi tena tangu aje huyu mwenye macho yaliyogeuka. Alikitundika karibu na mlango, akawa anafungia kofia yake hapo kila asubuhi.

Aefje alikuwa na kaka, Wybrand. Lubbert alichapa nyuma, Wybrand akauza mbele. Alikuwa na mikono laini, sauti ya kupakwa siagi, na kidevu chenye mfereji katikati ambacho wanawake wa Haarlem walikisamehe mengi. Shemeji hawa wawili hawakupendana hata siku moja, ila mzee alipokuwa hai walitukanana kwa adabu.

Mzee Teunis hakuandika wosia. Alikuwa mtu wa maneno, na neno lake, alilomwambia Lubbert mbele ya mtambo huku akiupapasa ule utepe wa chuma, lilikuwa kwamba duka litakuwa la Wybrand na mtambo utakuwa wa anayeuvuta. Alimwahidi kwamba atamwambia na Wybrand. Akaugua, akalala, na asubuhi aliyokata roho aliyekuwa kitandani pake ni Wybrand peke yake. Wybrand alipotoka chumbani alisema baba amemwachia vyote.

Kesi ilikwenda kwa mahakimu wa mji. Kwa kuwa hapakuwa na karatasi, walitaka kiapo cha aliyesikia neno la mwisho. Wybrand alivua kofia, akainua mkono wa kulia, akanyoosha vidole viwili kama ifanyavyo nchi nzima, akasema baba yake amemwachia duka na mtambo wake, Mungu Mwenyezi na amsaidie kweli. Hakupepesa jicho. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Wybrand ilikuwa ndefu na imetandikwa mawe, na majirani walisimama pembeni wakimwamkia.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Lubbert alimuuliza mkewe swali moja.

"Wewe unamwamini nani?"

"Wewe ni mume wangu, yule ni kaka yangu."

"Sikukuuliza ukoo."

"Basi nikwambie nini? Mimi sikuwepo pale kitandani, Lubbert. Na wewe hukuwepo."

Kupoteza mtambo kulimuuma, lakini jibu hili ndilo lililomtoboa. Tangu siku hiyo Lubbert alitaka kitu kimoja tu duniani: atokee mtu aseme wazi kwamba Wybrand ameapa uongo. Na kama mtu huyo angekuwa Aefje, wengine wote angewasamehe wanyamaze.

Akaenda kuchapa karata za kuchezea kwenye banda moja nje ya lango la mji. Kazi ya mbao na gundi, ambayo mtu wa shaba huifanya kwa aibu. Huko nako alitukana, lakini hakuna aliyejali, maana mfalme wa kopa hata akikosewa pua anachezwa vilevile. Jirani yake Jelis, mpaukishaji wa vitambaa, Mmenoni mwenye imani isiyoruhusu kuapa, alijaribu kumtuliza. "Sisi hatuapi kabisa," alisema, "ndiyo maana hatuna mashemeji kama wako." Lubbert hakucheka. Aliingia ndani, akatafuta kipande cha shaba.

Sasa tuiseme hiyo picha, kwa kuwa leo huwezi kuiona. Alichora mwanamke aliye uchi ameshika jua mkononi: huyo ni Kweli, na hakuna mtoto wa Haarlem asiyemjua, yuko hata kwenye vigae vya jikoni. Kweli anafunua pazia. Nyuma ya pazia yuko mtu amepiga goti moja, kidevu chenye mfereji, vidole viwili juu anaapa. Mkono wake mwingine umeshika mtambo wa kuchapia, na mtambo una utepe wa chuma kwenye mkono uliopasuka. Chini ya mguu wake yuko mbweha. Kwa Lubbert, mbweha yule alikuwa rafiki wa nyumbani aliyejilaza chini ya kiatu cha bwana wake. Na mkono ulioinua vidole viwili juu ulikuwa wa kushoto. Aapaye kwa kushoto ni mwongo. Hilo halihitaji kufundishwa. Chini kabisa aliandika mstari mmoja: Tazama mkono, utamjua mtu.

Alifanya kazi hiyo jikoni. Akalipaka bamba nta, akachora kwa sindano, akalimwagia maji makali yale yanayokula shaba, mpaka Aefje akalalamika kwamba siagi yake ina ladha ya msumari.

"Unachora nini?"

"Mtakatifu."

"Tangu lini unawajua watakatifu?"

"Huyu namjua."

Maneno aliyaandika kinyumenyume, kwa ufundi wa kutosha, kwa sababu herufi ukizikosea zinakupigia kelele. Mkono haupigi kelele. Mkono ni mkono. Lubbert alitaka kushoto, akachora kushoto, pale pale kwenye shaba, akaridhika. Kwa miaka yote ya kazi yake alikuwa amekodolea macho mabamba. Karatasi zilipotoka zilianikwa kambani zikawa mali ya wateja, hakuzitazama ila wino wake. Kwake yeye picha ya kweli ilikuwa ile ya kwenye shaba. Changanya na hasira, na hasira ni hasara, unapata kosa ambalo mwokaji asingelifanya, wala baharia, wala hakimu. Kilihitajika kichwa cha mchapaji bora wa Haarlem.

Na kioo kilikuwa ukutani, hatua chache kutoka mezani, kikimtazama.

Hakuwa na mtambo wa kutolea nakala ya kujaribia, na hakutaka mtu wa Haarlem aione kabla ya siku yake. Akalifunga bamba kwenye gunia, akalipeleka Amsterdam kwa jahazi la mfereji, kwa mchapaji asiyemjua Wybrand wala kidevu chake. Karatasi zitoke kule, zije moja kwa moja kwa mchuuzi wa picha asubuhi ya gulio la mwaka. Yeye angekuwa nyumbani kwake, mikono misafi.

Asubuhi ya gulio alivaa kola safi. Aefje alimtazama akavaa yake pia, bila kuuliza. Kwenye kibanda cha mchuuzi karatasi zilining'inia kwa vibanio vya mti, na watu walikuwa wamejaa.

"Ni Wybrand huyo! Kitazame kidevu."

"Na mtambo wa marehemu Teunis, ule wenye bandeji."

Lubbert alihisi damu ikimpanda kwa furaha. Kisha akamwona muuza nyama, mtu mzito asiyejua mzaha, akimvulia kofia Wybrand aliyekuwa anakuja na mkewe Diewertje.

"Hongera, bwana Wybrand. Mtu mpaka achorwe uaminifu wake, si haba."

Lubbert alifikiri ni kejeli. Akasogea, akaitazama karatasi kwa mara ya kwanza. Mtu aliyepiga goti alikuwa ameinua mkono wa kulia, vidole viwili vimenyooka, safi, kama shemasi. Kweli alikuwa anamfunulia pazia ulimwengu umwone. Mbweha alikuwa amekanyagwa. Na chini pale, kwa herufi zilizosomeka vizuri sana: Tazama mkono, utamjua mtu. Lubbert aliitazama mikono yake mwenyewe, mmoja kisha wa pili.

Wybrand alinunua karatasi moja. Aliishika muda mrefu. Watu walidhani amejawa na unyenyekevu, lakini yeye alizaliwa katikati ya mabamba, na alijua mkono gani ulikuwa wapi kabla ya karatasi kulala juu yake. Alijua pia kwamba katika mji mzima ni mtu mmoja tu angeuchora ule utepe wa chuma kwa upendo namna ile. Akaja mpaka kwa Lubbert, akamwinamia sikioni.

"Umesahau kioo, shemeji."

"Na wewe umesahau kiapo!"

Hilo alilisema kwa sauti, na watu wakageuka.

"Wivu huo, Lubbert," alisema muuza nyama. "Hata picha ya mwenzio inakuchoma?"

"Picha ni yangu mimi! Nimeichora mimi!"

"Sasa kama umemsifu wewe mwenyewe, unafoka nini?"

Wakacheka mpaka wa kibanda cha samaki wakauliza kuna nini. Diewertje, ambaye hakuwa mbaya ila alipenda vitu vya kutundika, alimshukuru Lubbert kwa moyo wake wote na kusema amefurahi kuona wameelewana.

Nyumbani Aefje alivua kofia yake, akaketi.

"Kama kaka yangu aliapa uongo, sijui. Ila wewe umechora uongo, Lubbert, na huo nimeuona kwa macho yangu."

Aliyechimba kisima ameingia mwenyewe, na angekuwa mtu mwingine angekaa humo kimya. Lubbert alianza kuchimba kwenda chini. Alikwenda Amsterdam akalichukua bamba lake, akalisugua kwa jiwe mpaka likawa laini kama uso wa maziwa, na Aefje akalifanya kifuniko cha mtungi. Kisha akaanza kuzitafuta karatasi. Alizibadilisha kwa jibini, kwa tumbaku, kwa karata alizoiba kazini. Aliingia nyumba za watu akijifanya anasalimia, akatoka na picha chini ya koti. Katika baa moja ya pombe aliichana ukutani mbele ya wanywaji, wakampiga, akarudi nyumbani amepungukiwa jino na ameshika nusu karatasi. Kesho yake akaifuata nusu nyingine. Zote alizitia motoni bila kuzitazama, akashikilia karatasi kwa koleo mpaka ikunjike.

"Umemaliza?" Aefje alimuuliza kila mara.

"Bado."

Hapo Lubbert alijifunza jambo ambalo wauza picha wanalijua tangu wakiwa tumboni: ukikichoma kitu unakipandisha cheo. Karatasi iliyofungia samaki chumvi mwezi wa kwanza ilitiwa fremu mwezi wa sita. Watu walianza kuzificha, kisha wakaanza kujisifu kwamba wanazo, na aliyejisifu ndiye aliyefikiwa na Lubbert. Ilimchukua miaka. Alizeeka akizitafuta. Mwishowe ikabaki moja katika dunia nzima, na hiyo ilikuwa sebuleni kwa Wybrand, katika fremu nyeusi, mahali ambapo Lubbert hakuweza kuingia.

Kitu adimu huvuta wasomi kama jibini livutavyo panya. Alikuja daktari mmoja kutoka Leiden, mkusanyaji wa picha, na lenzi yake. Alisimama mbele ya ukuta wa Diewertje mpaka kahawa ikapoa, akaeleza maana ya kila kitu: huyu ni Mtu Mwaminifu, Kweli anamtambulisha kwa walimwengu, na mbweha ni hila iliyoshindwa. Akasema hajaiona katika jalada lolote, Amsterdam wala Antwerp, na akataka kuinunua. Diewertje alikataa. Daktari akauliza ni nani aliyechora, akaelekezwa kwa mzee mmoja mkorofi nje ya lango.

Lubbert alimkaribisha kwa kumtolea kiti chenye mguu mbovu.

"Umekosea maana, bwana," alisema. "Yule ni mwongo. Anaapa kwa kushoto."

"Ni kulia, mzee. Nimetoka kuiona."

"Kwenye karatasi kulia. Kwenye shaba ni kushoto!"

"Nipe niione hiyo shaba, basi. Nitaamini."

Lubbert aliinuka. Kisha, kwa kuwa hakuwa na lingine, akaonyesha mtungi wa maziwa. Daktari alikitazama kifuniko, laini, kisicho na mstari hata mmoja. Akavaa glavu zake taratibu, kama mtu anayemuaga mbwa asimwume, akaenda zake. Aefje alikuwa dirishani akimenya turnipu. Angesema nini? Mumewe aliichoma hoja yake karatasi kwa karatasi, na bamba ambalo lingemtetea alilisugua kwa mkono wake mwenyewe. Mimi huwa namhurumia Lubbert mpaka nifike hapa, halafu natamani kumpiga kibao.

Lakini picha ile ilikuwa na kazi nyingine ambayo hakuna aliyeitarajia. Kwa kuwa Wybrand ndiye Mtu Mwaminifu, na ushahidi uko ukutani na wasomi wanakuja kuupigia magoti, mji ulianza kumtumia. Ndugu wakigombania shamba, aitwe Wybrand ashuhudie. Mtu akifa bila wosia, Wybrand ndiye wa kukaa kitandani asikie neno la mwisho. Bwana Wybrand, tuapie. Bwana Wybrand, inua mkono, kwako tunaamini. Kila mara alivua kofia, akanyoosha vidole viwili, akamwita Mungu Mwenyezi. Alianza kukonda. Diewertje alilalamika kwa wifi yake sokoni kwamba mumewe siku hizi analala ameulalia mkono wake wa kulia, na akimuuliza anasema una ganzi.

Akaja mwenyewe, majira ya baridi, mchana, mifereji imeganda. Lubbert alikuwa anakula uji wa shayiri na maziwa lala. Aefje alikuwa chumba cha nyuma akikunja shuka. Wybrand aliingia bila kubisha hodi, amebeba kitu bapa kilichofungwa kwa kitambaa, akakiweka mezani pembeni ya bakuli.

"Zimebaki ngapi?" aliuliza.

"Unajua zimebaki ngapi."

"Basi nimekuletea. Ichome kama ulivyozichoma zile. Nitamwambia Diewertje imeibwa."

Lubbert aliweka kijiko. Aliifungua. Miaka yote ile alikuwa hajaitazama tangu siku ya gulio, na sasa aliona, kwa mshangao uliomtia hasira, kwamba ilikuwa kazi nzuri. Yule Kweli alikuwa na mabega ya mwanamke anayefanya kazi. Ule mtambo ungeweza kuushika.

"Mbona huichomi kwako? Kwako hakuna moto?"

"Siwezi," alisema Wybrand. "Nimejaribu. Naishika juu ya moto, naona kama nachoma mashahidi. Wewe umezoea."

"Kashindwe huko. Nenda kwa mahakimu ukaseme, kisha nitaichoma mbele yako na majivu nitakufungia zawadi."

"Nina wajukuu, Lubbert. Watu wamegawana mashamba kwa kiapo changu. Nikisema nilidanganya mara moja, nani ataamini zile nyingine? Nusu ya Haarlem itaanza kesi upya."

"Hilo si langu."

"Unataka nini? Mtambo? Uchukue. Umeliwa na funza, lakini uchukue."

"Sitaki mtambo. Sema tu. Hapa, mezani pangu. Mbele ya uji."

Wybrand alisimama akitazama bakuli. Theluji ya viatu vyake ilikuwa imeyeyuka ikafanya dimbwi.

"Baba alisema mtambo ni wa anayeuvuta," alisema. "Alisema mara mbili, maana mara ya kwanza nilijifanya sikusikia. Haya. Umeshiba?"

Aefje alikuwa mlangoni na shuka mikononi. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini. Aliiweka shuka juu ya kiti, akaja mezani, akaichukua picha bila kumtazama yeyote kati yao, akaenda nayo mpaka pale kilipotundikwa kile kioo kidogo cha baba yake. Akaiinua mbele ya kioo.

Ndani ya kioo mtu mwenye kidevu cha mfereji alipiga goti, akaapa kwa mkono wa kushoto. Kweli alikuwa amelishika pazia kama anayemfumania mwizi. Mbweha alikuwa ametulia chini ya kiatu cha rafiki yake. Maneno tu ndiyo yaliyogeuka, hayasomeki, na hayakuhitajika.

Aefje alitazama kwa muda. Uso wake mwenyewe ulikuwa humo kiooni, pembeni ya picha.

"Kaka," alisema, "uliapa uongo mbele ya mahakimu, na mimi nikatazama viatu vyangu. Nimevitazama mpaka leo."

"Dada, nilikuwa kijana, na—"

"Ulikuwa na mvi. Usinipunguzie miaka." Akaifunga picha katika kitambaa chake, akakaza fundo, akaitia mikononi mwa Wybrand. "Rudi nayo. Hapa haichomwi kitu. Ukifika, itundike mahali pake. Na kile kioo chako kikubwa cha sebuleni, kile Diewertje anachoringia, kitundike ukuta wa pili, vitazamane."

"Aefje."

"Nenda, barafu ni nzuri bado, hutaanguka."

Wybrand alimtazama Lubbert, kama kwamba yule angemwokoa. Lubbert alikuwa amepeleka macho kwa mkewe na hayakutoka huko. Mlango ulipofungwa, alitaka kusema neno, na Aefje akamkata.

"Usinitazame hivyo. Wewe nawe. Umetembea Uholanzi nzima unachoma makaratasi, umepigwa, umeng'olewa jino, na kioo kiko hapa mlangoni miaka yote. Ungeniambia tu, Aefje, njoo utazame. Ningekuja."

"Ungekuja?"

"Kula uji wako."

Akala. Ulikuwa umepoa na kuganda juu, lakini alikwangua mpaka chini ya bakuli, na Aefje akarudi kwenye shuka zake.

Juma lile lile Aefje alimkuta wifi yake Diewertje kwenye kibanda cha samaki, amenuna. Usiku huo mezani alimweleza mumewe yaliyosemwa. Picha iko palepale ukutani, alisema, na watu bado wanakuja kuivulia kofia. Ila Wybrand ameingiwa na wazimu gani hakuna ajuaye: amekiuza kioo kikubwa cha sebuleni, chenye fremu ya mti mweusi, kwa mchuuzi wa kwanza aliyepita, kwa bei ya kutupa, na hataki kingine kiingie nyumbani. Diewertje sasa anafungia kofia yake kwenye ndoo ya maji.

Lubbert aliacha kutafuna.

"Basi ameiona," alisema.

Aefje alimsogezea mkate.